Manto, kalamu ya kibarua

Saa kumi na mbili asubuhi muuza barafu wa mkokoteni kachomwa kisu barabarani. Maiti inalala pale mpaka saa moja, barafu inayeyuka inaidondokea, saa moja na robo polisi wanakuja wanaibeba, barafu na damu vinabaki palepale chini. Inapita gari ya farasi, ndani kuna mama na mtoto, mtoto anaona ile damu iliyoganda inavyong'aa, anamvuta mama yake nguo: mama ona, jeli.

Imeisha. Hadithi nzima ndo hiyo, imetoka 1948 kwenye kijitabu kinaitwa Siyah Hashiye, yani pambizo nyeusi, kama ule mstari mweusi wanaozungushia tangazo la msiba gazetini. Hakwambii aliyechomwa ni Mwislamu, Mhindu au Singasinga, hakwambii aliyechoma ni nani, wala halii. Mara ya kwanza kuisoma nilirudi juu kuangalia kama kuna ukurasa nimeruka.

Aliyeandika ni Saadat Hasan Manto, mwandishi wa Kiurdu, na huyu jamaa ukianza kumfuatilia unakutana na fundo. Kuna wanaomjua kama mwandishi wa matusi aliyekuwa haishi kortini. Kuna wanaomjua kama shahidi mkubwa wa mgawanyo wa 1947, pale Mwingereza alipofungasha na nchi ikakatwa vipande, India huku Pakistan kule. Wapenzi wa filamu za zamani wanamjua kama mtu wa Bombay, mshikaji wa Ashok Kumar, yule nyota wa filamu za Kihindi. Wengine wanachojua ni pombe tu. Halafu ukihesabu kazi zenyewe kichwa kinauma: vitabu zaidi ya 20 vya hadithi fupi, riwaya moja, michezo ya redio zaidi ya mia, skripti za filamu, tafsiri, insha, barua za kejeli, sura za watu maarufu alizozichora kwa maneno, na vyote hivyo ndani ya miaka 20 na ushee, maana alikufa ana miaka 42.

Watu wengi wakifika hapo wanasema "kipaji" halafu wanafunga mjadala. Mimi naona uzi wa kufungulia hili fundo haupo kwenye kipaji, upo kwenye kodi ya nyumba. Manto alikuwa kibarua wa kalamu. Karibu kila alichoandika kuna mtu alikuwa kamlipa au kamuahidi kumlipa, na kila kibarua alichokifanya alitoka na chombo mkononi, akaenda nacho kwenye kibarua kinachofuata. Ukimfuata kazi kwa kazi utaona kabisa ile jeli ilitokea wapi.

Alizaliwa 11 Mei 1912 Samrala, wilaya ya Ludhiana, Punjab, familia yenye asili ya Kashmir, baba mtu wa sheria na mkali kweli kweli. Akakulia Amritsar. Shule ilimshinda, mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari, alifeli mara mbili na moja ya masomo yaliyomuangusha ni Kiurdu, ndio, Kiurdu hichohicho. Lakini kitu kikubwa cha utoto wake hakikuwa shule. Aprili 1919, hajafikisha hata miaka saba, mjini kwao Amritsar askari wa Jenerali Dyer, Mwingereza, walimimina risasi kwenye umati uliokuwa ndani ya Jallianwala Bagh, uwanja uliozungukwa na kuta, watu hawana pa kutokea, wakafa mamia. Hadithi yake ya kwanza kabisa, Tamasha, inatokana na siku zile, na anayeona ni mtoto mdogo anaitwa Khalid ambaye anasikia milio na anadhani kuna maonyesho mjini na anataka baba yake ampeleke. Shika hapo, mtoto anayeangalia kitu asichokielewa, maana miaka kadhaa mbele mtoto huyu atarudi akiwa kwenye gari ya farasi.

Aliyemtoa kwenye uzururaji na kamari ni mwandishi wa habari mmoja, Abdul Bari Alig, aliyekuja kufanya gazeti Amritsar akamkuta kijana anapoteza muda vijiweni. Bari akamwambia acha hizo, soma Warusi, soma Wafaransa, halafu tafsiri. Kazi ya kwanza ikawa kitabu cha Victor Hugo kuhusu mtu anayesubiri kunyongwa, akakigeuza Kiurdu akiwa na miaka 21 hivi, halafu akaja Oscar Wilde, halafu Warusi. Hiki ndo kibarua namba moja na watu wanakipita haraka mno. Mtu anayetafsiri analazimika kukaa na sentensi ya mwenzie mpaka ajue kila neno linafanya kazi gani, na kama umekaa na Chekhov na Maupassant miaka miwili huwezi tena kurudi kwenye ule Urdu wa maua na bulibuli, sentensi imepambwa kama kitanda cha bibi harusi. Urdu wa Manto umenyooka. Hata wanaomchukia wanakubali hilo.

Akaenda kusoma Aligarh 1934, hakumaliza, wakamwambia ana kifua kikuu, akapelekwa milimani kupumzika, akarudi, 1936 akaibukia Bombay kuhariri gazeti la wiki la mambo ya filamu, Musawwir. Kutoka kuandika habari za filamu mpaka kuandika filamu zenyewe ni kuvuka barabara tu. Jina lake lipo kwenye Kisan Kanya ya 1937, filamu ya kwanza ya rangi iliyotengenezwa India kwenyewe, filamu ambayo haikufanya vizuri sana sokoni lakini yeye alishaingia mlangoni. Na filamu ni shule ya ajabu, mwenye studio anataka skripti kesho, anataka tukio lianze katikati, hana haja na kurasa mbili za kueleza mvua inavyonyesha, anataka mvua inyeshe. Soma hadithi za Manto za Bombay uone anavyoingia: mlango unafunguliwa, mtu keshaongea.

1941 akaitwa Delhi, All India Radio, vita vya dunia vimepamba moto na redio inataka vipindi vya kujaza masaa. Pale ndo alipiga michezo ya redio zaidi ya mia kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Alikuwa na taipureta ya Kiurdu na alikuwa anaandika moja kwa moja kwa mashine, kakaa juu ya kiti kakunja miguu kama kuku anayeatamia, na kila karatasi juu anaanza na 786, ile namba Waislamu wa Bara Hindi wanayoiandika badala ya Bismillahi, mtu ambaye nusu ya mji unamwita mchafu. Redio ikampa sikio. Kwenye redio huna uso wala nguo wala chumba, una sauti tu, kwahiyo Singasinga lazima aongee kama Singasinga na kahaba wa Bombay aongee kama kahaba wa Bombay, ukikosea msikilizaji anazima. Akaondoka 1942 baada ya ugomvi, na sababu ya ugomvi ni kwamba wakubwa walitia mkono kwenye skripti yake wakabadilisha vitu. Akabeba taipureta yake akarudi Bombay. Kumbuka hilo la kubadilishiwa maneno, tutalirudia.

Sasa kortini. Hapa ndo watu wanachanganya mambo zaidi, wacha nilitandaze taratibu.

Kesi zilikuwa chini ya kifungu cha 292 cha sheria ya adhabu ya India, sheria iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1860, inayokataza kuuza na kusambaza maandishi machafu. (Tusijione tuko mbali, sheria hiyohiyo ya jinai ya India ndo iliyokuwa inatumika Kenya na Tanganyika mpaka 1930 walipoletewa za kwao.) Kabla ya mgawanyo walimshika kwa hadithi tatu, Kali Shalwar, Dhuan na Bu. Na hapa nakuomba usichukue neno la mtu, soma mwenyewe Kali Shalwar uone "uchafu" wenyewe. Sultana ni kahaba, kahama Ambala kuja Delhi na kule Ambala wateja wake walikuwa wanajeshi wa Kizungu, Delhi biashara imekufa, anauza bangili moja moja ale. Mfungo nne unaingia, Muharram, kila mwenzie anashona nguo nyeusi za kuomboleza na yeye ana kanzu, ana mtandio, hana shalwari nyeusi, ile suruali pana ya kamba. Kuna jamaa mjanja mjanja anaitwa Shankar, anamwambia nitakuletea, ila nipe hivyo vipuli vyako vya masikioni. Siku yenyewe shalwari inafika kweli. Sultana anavaa, mlango unagongwa, anaingia shoga yake wa chumba cha jirani, Mukhtar. Mukhtar anaiangalia ile shalwari, anauliza umeitoa wapi, Sultana anasema fundi kaleta leo. Halafu macho ya Sultana yanapanda mpaka masikioni kwa Mukhtar, anauliza na hivyo vipuli je, Mukhtar anasema nimevipata leo. Na wote wawili wakanyamaza.

Hapo ndo mwisho. Hakuna nguo iliyovuliwa, kilichopo ni nguo inayovaliwa! Kilichowaudhi watu ni kwamba kahaba kapewa imani, kapewa msiba wa Karbala kama mwanamke mwingine yeyote, na aibu yake ya mwisho ni ya mtu masikini aliyetapeliwa. Mashtaka yalisema matusi, lakini mimi naona kilichouma ni kuona Sultana anafanana na wao.

Na kuna kitu cha lugha hapa ambacho sisi wa Kiswahili tunakiona haraka kuliko wengine. Kwa Kiurdu fasihi inaitwa adab. Ndilo neno letu lilelile la adabu, wote tumelitoa kwa Waarabu, ila wao linabeba maana zote mbili, fasihi na tabia njema. Kwahiyo ukimwambia mwandishi wa Kiurdu hana adabu unakuwa umempiga makofi mawili kwa mkono mmoja, umemwambia hana heshima na umemwambia anachoandika sio fasihi. Kesi zote za Manto zimekaa ndani ya neno hilo moja. Utetezi wake mwaka 1944, kwenye hotuba aliyowapa wanafunzi wa chuo Bombay, ulikuwa kwa ufupi kwamba kama hadithi zangu hazivumiliki basi ni zama zenyewe hazivumiliki, na kwamba yeye sio fundi cherehani wa kuivika nguo jamii ambayo tayari iko uchi.

Bu walimpeleka nayo mpaka Lahore, na wakati huohuo rafiki yake Ismat Chughtai, mwandishi mwenzie mwanamke, ana kesi yake ya hadithi ya Lihaaf, mahakama ileile. Ismat ameandika safari zile kwa vicheko mpaka unasahau kuwa watu walikuwa wanaweza kufungwa. Shahidi mmoja akalalamika kwamba Manto kataja matiti ya mwanamke, Manto akajibu sasa nilitaka niyaiteje, karanga? Korti ikacheka. Wakitoka nje wanaingia madukani, Lahore ina viatu vizuri na shali za Kashmir, wakarudi Bombay na viatu vingi kuliko waliyojifunza kortini. Nampenda sana Ismat kwa kutuhifadhia hilo, kwa sababu picha ya Manto iliyobaki ni ya mtu mwenye huzuni na miwani mikubwa, kumbe jamaa alikuwa na vituko na alikuwa anapenda viatu.

Halafu 1947. Yeye yuko Bombay, anafanya kazi studio ya filamu ya Bombay Talkies ambako Ashok Kumar ni mmoja wa wakubwa. Watu wanachinjana mjini. Siku moja Ashok anaendesha gari, Manto kakaa pembeni, wanaingia mtaa wa Waislamu na mbele kuna msafara wa harusi umejaa njia. Ashok ni Mhindu, uso wake unajulikana na kila mtoto wa India. Manto anasimulia kwamba roho ilimtoka, sio kwa kujiogopea, anawaogopa watu wa dini yake mwenyewe kwa ajili ya rafiki yake, tayari anapanga kutoa kichwa dirishani aseme mimi Mwislamu mwenzenu huyu ananipeleka nyumbani. Watu wakaanza kupiga kelele Ashok Kumar, Ashok Kumar! Vijana wawili wakasogea kwenye gari. Wakasema kaka Ashok, mbele hakupitiki, pinda huku kichochoroni utatokea. Wakapita. Ashok anacheka, Manto bado jasho linamtoka.

Hiyo aliiweka kwenye insha ya kumchora Ashok, na ina mwenzake ambayo haichekeshi. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa muigizaji Shyam, mtu wa Rawalpindi. Siku moja wamekaa na familia ya Kisingasinga iliyokimbia kutoka huko, wanasimulia yaliyowakuta kwa Waislamu, na Shyam anasikiliza. Baadaye Manto akamuuliza, mimi ni Mwislamu, hujisikii kuniua? Shyam akamjibu kwamba sasa hivi hapana, ila wakati ule nawasikiliza, ningeweza. Manto anasema jibu lile lilimtikisa, na kwa mara ya kwanza akaelewa jinsi mtu wa kawaida kabisa anavyoua. Mke wake Safia na binti yao walishatangulia Lahore. Januari 1948 naye akafunga mizigo, akapanda meli ya Karachi.

Watu wa India na watu wa Pakistan mpaka leo wanabishana kama alikosea kuhama. Mimi naona ukiangalia kwa jicho la kibarua jibu linauma zaidi: aliacha mji wenye studio akaenda mji ambao filamu ilikuwa imekufa, wenye mitaji wengi walikimbilia upande wa pili. Soko lake lote likabaki ng'ambo ya mpaka. Kuanzia hapo ni magazeti, hadithi kwa hadithi, hela mkononi. Alikuwa anaweza kukaa kwenye ofisi ya mchapishaji, akaandika hadithi palepale mezani, akachukua pesa, ikaenda kwenye chupa kabla haijafika nyumbani kwa Safia na mabinti watatu. Sitaki kuipamba hiyo, wapo wanaoifanya kama ni sifa ya msanii, waulizwe wale watoto.

Lakini ndo hapo vile vyombo vyote vikakutana. Ufupi wa Wafaransa, mkato wa filamu, sikio la redio, haraka ya gazeti. Siyah Hashiye ni hivyo tu: mtu kapora magunia mawili ya sukari kwenye ghasia, polisi wanapekua majumba, usiku anakwenda kuyatupa kisimani, la pili linamvuta naye anatumbukia, wanamtoa, baada ya masaa machache anakufa. Asubuhi watu wanateka maji, matamu. Usiku taa zinawaka kwenye kaburi lake. Jina la hadithi ni Karamat, yani karama, neno tunalolijua wote tuliowahi kupita kwenye kaburi la sharifu. Kwa mistari michache kakupa uporaji, woga, kifo na mtakatifu mpya.

Na Khol Do, ambayo siwezi kuisimulia yote. Mzee Sirajuddin kapoteza binti yake Sakina kwenye vurugu za kukimbia, vijana wanane wa kujitolea wenye lori na bunduki, Waislamu wenzake, wanamuahidi kumtafuta. Mwishoni mwili wa msichana unaletwa hospitali, daktari chumbani anamuonyesha mzee dirisha anasema khol do, fungua. Mikono ya ile maiti, ambayo kumbe sio maiti, inajongea kwenye kamba ya shalwari yake inaifungua. Mzee anapiga kelele za furaha, yu hai, binti yangu yu hai. Daktari analowa jasho kichwa mpaka mguu. Fungua, neno moja, na hapo unajua amelisikia mara ngapi na limetoka kwa nani. Ile ni kazi ya mtu wa redio. Serikali ikalifungia jarida la Nuqoosh lililoichapa kwa miezi sita.

Thanda Gosht, nyama baridi, ndo ilimpeleka mahakamani Pakistan kwa nguvu zote. Ilitoka Machi 1949, kesi ikamaliza kwa kifungo cha miezi mitatu kazi ngumu na faini ya rupia 300, rufaa ikamtoa, serikali ikakata rufaa juu tena, mwisho Mahakama Kuu ikaondoa jela ikarudisha faini. Mshairi Faiz Ahmad Faiz alitoa ushahidi upande wake, sema ushahidi wenyewe ulikuwa wa nusu mkate: hadithi sio chafu, ila haifikii viwango vya juu vya fasihi. Manto hakusahau. Na kundi la waandishi wa Kimaendeleo, wale wa mrengo wa kushoto waliokuwa wenzake toka Bombay, wakamtenga, wakasema kafanya mzaha na maiti. Kwahiyo wenye dini hawamtaki, serikali haimtaki, na wapinga serikali nao hawamtaki. Kesi ya mwisho ilikuwa Karachi, hakimu akamtoza rupia 25, halafu kumbe hakimu ni msomaji wake mkubwa, kesho yake wakaenda kunywa kahawa pamoja.

Kwa watu wanaotaka kumuona akicheka, kuna barua tisa kwa Mjomba Sam, yani Marekani, kati ya 1951 na 1954, anajiita mpwa wa Kipakistani. Zilianza hivi hivi: jamaa wa ubalozi wa Marekani alikuja kutaka hadithi, Manto akataka rupia 200, jamaa anataka kumpa 500, wakakutana 300. Hadithi hawakuichapa ila walipata barua. Kwenye barua anamuomba mjomba bomu dogo la atomiki la mkononi, la kuwatupia wale wanaume wanaosimama njiani mkono ndani ya suruali wanajikausha mkojo kwa jiwe. Na anamwambia, mwaka 1954 uleule wa mkataba wa kijeshi wa Marekani na Pakistan, kwamba silaha utakazotupa zitaenda kwa mashehe ili wapigane na wakomunisti. Wanaoikumbuka Afghanistan ya miaka ya themanini, Marekani ilivyowapa silaha mujahidina wapigane na Warusi, wakifika hapo wanakaa kimya kidogo.

Na kitabu chake cha watu maarufu, Ganje Farishte, malaika wenye vipara. Jina linatoka kwake mwenyewe: malaika wote walioletwa kwenye kinyozi changu nimewanyoa. Alipomuandika Jinnah, baba wa taifa la Pakistan, hakwenda kwa mawaziri, alimsikiliza dereva wake wa zamani. Tukampata Jinnah anayecheza biliadi na kuhesabu kabla ya kupiga mpira. Mimi hiyo ndo namuonea wivu kuliko zote.

Pombe ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lahore kwa matibabu, mwaka 1951 na tena 1952. Kutoka mule akatoka na Toba Tek Singh. Serikali mbili zinaamua kubadilishana vichaa kama zilivyobadilishana kila kitu, Waislamu waje huku, Wahindu na Masingasinga waende kule, na mabadilishano ya namna hiyo yalifanyika kweli. Mmoja anapanda juu ya mti anasema sitaki India sitaki Pakistan, nitaishi hapahapa mtini. Bishan Singh, aliyesimama miaka kumi na tano mpaka miguu ikavimba, anauliza kitu kimoja tu, kwao Toba Tek Singh kuko wapi sasa, India au Pakistan, na hakuna anayejua. Usiku wa kubadilishana pale Wagah, mpakani, afisa anamwambia kuko Pakistan, naye anagoma kuvuka. Alfajiri anapiga ukelele na kuanguka kifudifudi, huku waya wa India, kule waya wa Pakistan, yeye katikati kwenye kipande kisicho na jina.

Manto alikufa Lahore 18 Januari 1955, ini. Wiki chache nyuma yake, Desemba 1954, India ilikuwa imetoka filamu ya Mirza Ghalib, maisha ya yule mshairi mkubwa wa Delhi, stori kaandika Manto enzi zile za Bombay. Ikachukua medali ya dhahabu ya Rais kama filamu bora ya mwaka, kwenye nchi ambayo alishaihama. Pakistan wao walimpa nishani ya Nishan-e-Imtiaz mwaka 2012, miaka 57 baada ya kumzika.

Maandishi ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe Agosti 1954, juu kabisa kaweka 786 kama kawaida, na chini yake anasema hapa kalala Manto na siri zote za kuandika hadithi fupi zimezikwa naye, na bado huko chini ya udongo anajiuliza nani mwandishi mkubwa zaidi wa hadithi, yeye au Mungu. Familia iliogopa watu, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mtu aliyeacha kazi ya redio kwa kuguswa skripti, jiwe lake nalo likahaririwa. Lililosimama makaburi ya Miani Sahib linasema hili ni kaburi la Manto, ambaye bado anaamini kuwa jina lake kwenye ubao wa dunia halikuwa herufi iliyorudiwa mara mbili. Ni maneno ya Ghalib, pale anapomlalamikia Mola kwa nini zama zinamfuta wakati yeye sio herufi iliyoandikwa mara mbili kwa bahati mbaya.